Uso wa bibi yangu una mwenyewe

Juzi dada mmoja wa Bagamoyo kaniandikia: anatengeneza mafuta ya nazi, anataka sura ya marehemu baba yake iwe nembo, aanzie wapi? Kaniuliza wakati mzuri, maana cheti cha alama ya biashara yenye uso wa bibi yangu nimekipata mwezi huu, na sijachoka kukionyesha.

Achari yetu ya embe, wateja wa Ngamiani na Mgandini hawaitaji kwa jina. Husema, "Nipe ile ya bibi." Ndiye yeye kwenye lebo, kanga kichwani, anacheka na pengo lake. Niliyeanza naye biashara (simtaji, anajijua) tulipoachana akachapa lebo zake kwa uso uleule. Nilipomfuata akanijibu, "Wewe umesajili jina la biashara tu. Picha haina mwenyewe." Mwanamke aliyenilea, hana mwenyewe! Mpaka leo nikimwona ananipandisha damu.

Lakini kwenye jina alisema kweli. Kusajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania Bara, hakukupi nembo. Alama ya biashara ina maombi yake, chini ya sheria ya mwaka 1986. Bibi akatoa ridhaa kwa maandishi, akaweka dole gumba mbele ya wakili, nikaomba kwa jina langu. Maombi hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Yule bwana hakuthubutu. Sasa ninalindwa miaka 7, kisha nitahuisha kila miaka 10.

Ndugu zangu, andikianeni! Hata na mama mzazi, andikianeni, na mseme biashara ikiuzwa uso unakwenda wapi. Harland Sanders, mwanzilishi wa migahawa ya kuku ya KFC, aliuza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni 2. Sura yake ikabaki kwenye kuku, naye akabaki kulalamikia upishi wao.

Wewe wa Bagamoyo, baba hayupo, basi kaa na warithi wote, hata yule kaka msiyesalimiana, wasaini. Halafu chagua kundi la bidhaa: mafuta ya kupikia ni la 29, ya kupaka ni la 3. Ukiuza yote mawili, omba yote mawili.

Na mnaopeleka mzigo Pemba, cheti cha BRELA hakivuki bahari. Zanzibar ina msajili wake, BPRA. Wateja wangu wa Wete wameshaizoea achari, kwa hiyo fomu za huko ndizo ninazojaza sasa, kabla mtu hajaniwahi.