Maswali na majibu: Mwembe haujui nani kibarua

*Nilianguka kutoka juu ya mwembe nikiwa kazini Tudor, Mombasa, nikavunjika mkono. Bosi amenipa elfu tano, anasema kibarua hana fidia. Ni kweli?* (S., Kisauni)

Swali hili linaletwa kila mwezi, na jibu ni lile lile: si kweli. Sheria ya Kenya ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 haidai barua ya ajira. Uliajiriwa kwa ujira, basi u mfanyakazi. Mwarifu bosi kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Yeye ana siku 7 kuripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Akikaa kimya, nenda mwenyewe. Dai lina miezi 12 tangu siku ya ajali, na hapo ndipo wengi huponyokwa: bosi anatoa elfu leo, mia tano kesho, huku mwaka unakatika. Elfu tano hiyo ni ya pole. Ukiletewa karatasi ya "nimelipwa, sidai tena", usiitie sahihi.

*Sikuvaa helmeti. Nimejinyima haki ya fidia?* (Fundi, Likoni)

Kwani ulipewa ukaikataa? Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri. Hata aliyekosea kwa makusudi, akipata ulemavu mkubwa, sheria haimtupi.

*Tawi la mti wa mkungu limelalia waya za stima. Kijana anasema atalikata kwa panga la mpini wa mbao.* (Mama wa Bamburi)

La, mama, mteremshe! Tawi bichi limejaa maji, na mpini wenye jasho haukingi kitu. Stima ya laini kubwa huruka kabla hujaigusa. Pigia Kenya Power wazime kwanza. Mnangoja nini mpaka masika? Juzi nimeona mmoja juu ya mti, ndara miguuni, pawa soo (msumeno wa injini) mkono mmoja, mkono wa pili umeshika tawi lile lile analolikata. Chini wenzake wanapiga picha.

*Mkwezi wangu hupanda mnazi kwa vidato tu, zile ngazi za kuchonga shinani. Nimnunulie mkanda wa usalama?* (Nyali)

Mnunulie. Na mpange nani atamteremsha, maana aliyezimia akining'inia kwenye mkanda hana dakika nyingi. Vidato vya mnazi mzee huoza, avikague.

*Mtu akianguka, boda si ndiyo ya haraka?*

Umkalishe katikati ya watu wawili, uti wa mgongo umevunjika? Mwache alale, mmoja amshikie kichwa kisitikisike, mwingine aite ambulensi.