TGF-beta imepunguza seli za tezi badala ya kuziongeza: je, imeharibika?

SWALI: Ninakuza seli za tezi ya maziwa za binadamu, aina ya MCF-10A. Niliweka TGF-beta, nanogramu 5 kwa mililita, nikitegemea zitaongezeka haraka, maana ni kichocheo cha ukuaji. Baada ya siku mbili nikahesabu: zilikuwa karibu nusu ya zile ambazo sikuziwekea kitu. Hazikufa, hakuna zinazoelea. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea. TGF-beta ingekuwa imeharibika, seli zako zingeendelea kuongezeka kama kawaida.

Kinachotuponza ni jina. TGF-beta ilipewa jina lake mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na ilichofanya kwenye faibroblasti, yaani seli za tishu unganishi: seli ambazo kwa kawaida haziongezeki bila kushika kitu kigumu zilianza kuota makundi ndani ya agari laini (jeli ya maabara), mithili ya seli za saratani. Baadaye ikaonekana kwamba kwenye seli za epithelia, yaani zinazofunika viungo na kutanda ndani ya mirija, zikiwemo za tezi, protini hiyohiyo ni breki. Jina halikubadilishwa, na wanafunzi wanahangaika nalo hadi leo.

Breki yenyewe hufanya kazi hivi. TGF-beta inaposhika vipokezi vyake juu ya seli, vipokezi hubandika fosfeti kwenye SMAD2 na SMAD3, protini zinazopeleka ujumbe ndani ya seli. Hizi huungana na SMAD4, huingia kwenye kiini, na humo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huzima jeni ya MYC, ambayo ndiyo inayoisukuma seli igawanyike, na kuwasha jeni za vizuizi, hasa p15 na p21. Vizuizi hivyo huvibana vimeng'enya vya CDK, vinavyoendesha mzunguko wa mgawanyiko. CDK zikibanwa, protini ya Rb haipati fosfeti za kutosha, hivyo inaendelea kuishikilia E2F, protini inayowasha jeni za kunakili DNA, na bila E2F seli haianzi kunakili DNA. Inakwama G1, hatua ya kabla ya kunakili DNA.

MCF-10A ina kioja chake: jeni ya p15 imefutika kabisa, na bado seli zinasimama. Kazi inabebwa na p21 pamoja na kushuka kwa MYC. Kwa hiyo ukipima p15 usiikute, usishtuke. Na kumbuka mchanganyiko wako wa kukuzia una EGF, kichocheo kingine cha ukuaji, kwa kawaida nanogramu 20 kwa mililita. Yaani kuna anayekanyaga mafuta muda wote, na breki inashinda.

Muda nao una maana. Seli iliyokwisha kuvuka mwisho wa G1 ujumbe unapofika humaliza mgawanyiko wake kwanza, ndiyo isimame kwenye mzunguko unaofuata. Ukihesabu baada ya saa 12 huenda usione tofauti yoyote. Angalia pia umbo: zilizosimama hutanuka na kulala bapa. Kilichozuiwa ni kugawanyika. Seli moja moja inaweza hata kuwa kubwa kuliko mwanzo.

Ukitaka uhakika, ongeza kisahani cha tatu chenye TGF-beta pamoja na SB-431542, kemikali inayozima kipokezi cha aina ya kwanza. Hesabu ikirudi juu, umemkamata mhusika. Halafu TGF-beta iyeyushe kwenye asidi hafifu yenye albumini, la sivyo itanata kwenye plastiki ya kichupa na kipimo chako kitakuwa cha karatasini tu.

Usije ukajaribu haya kwenye MDA-MB-468 ukitegemea jibu lilelile. Seli hizo za saratani ya matiti zimepoteza SMAD4, kwa hiyo breki hii haishiki. Lakini zimejaa vipokezi vya EGF kupita kiasi, na ukiziwekea EGF kwa kipimo kinachoistawisha MCF-10A, zenyewe ndizo zinazosimama.