Injinia Ukihamia Kwenye Hataza

Vijana wa uhandisi wanaotaka kuhamia sheria ya miliki ubunifu, hasa hataza (haki ya pekee anayopewa mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), huniuliza swali lilelile: je, miaka ya kusoma mekanika itakuwa imepotea bure? Haipotei. Ila itakusumbua kabla ya kukufaa.

Injinia amefundishwa kueleza kifaa kama kilivyo. Anakuja mteja na mashine ya kupukuchua mahindi, unaielewa hata hajamaliza kuongea, unaanza kuandika: ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 300, meno 24 yaliyofungwa kwa bolti, mota ya kilowati 1.5. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, na kama dai la hataza, yaani sentensi inayoweka mpaka wa kile kinacholindwa, hayana faida. Fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, atachomelea meno badala ya kuyafunga kwa bolti, ataweka 22, na mteja wako hana la kumfanya.

Jiulize: nikiondoa kitu gani, mashine hii inabaki sawa na zilizoitangulia? Pengine siri yote ni meno yalivyoinamia upande wa kutokea magunzi, ndiyo maana punje hazivunjiki. Basi dai la kwanza litaje ngoma inayozunguka na meno yaliyoinama hivyo, likomee hapo. Bolti izungumziwe kwenye dai la nne, au ibaki kwenye maelezo ya mchoro. Halafu usipitilize ukadai kila ngoma yenye meno, maana mkaguzi wa ofisi ya hataza atakutolea hataza ya zamani yenye kitu hichohicho na utaona aibu mbele ya mteja. Pekua kwanza. Espacenet na Patentscope, hifadhi za hataza za mtandaoni, ni bure, na hapo ndipo injinia anapompita mwanasheria wa kawaida: anasoma mchoro wa Kijapani bila kujua neno hata moja la Kijapani.

Kuna swali la kumuuliza mteja hata kabla hujamuuliza mashine yake inafanyaje kazi: umeshaionyesha wapi? Wabunifu wetu wanapenda maonyesho ya Sabasaba na Nane Nane, na siku hizi video inawahi mtandaoni kuliko mashine yenyewe. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuwasilisha maombi tangu alipoitangaza mwenyewe. Ulaya, isipokuwa kwa mambo machache sana, ukishaitangaza umeshapoteza upya wake. Mteja akishawasilisha maombi BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, ana miezi 12 ya kuomba kwingine akiwa na haki ya tarehe ileile ya kwanza. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda mbili. Pia mwambie mapema kwamba usajili wa BRELA ni wa Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake. Akiwa anawaza Kenya na Uganda, ombi moja kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, linaweza kutaja nchi kadhaa.

Muulize pia ameajiriwa na nani. Mhadhiri aliyetengeneza kifaa kwenye karakana ya chuo huenda si mmiliki wake, na hilo halipendezi kulisikia baada ya kulipa ada.

Kuhusu vyeti: Marekani injinia asiye na digrii ya sheria anaweza kufanya mtihani wa ofisi ya hataza na kuwa wakala. Kwetu, ukitaka kusimama mahakamani kama wakili, njia ni digrii ya sheria, kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, kisha kuapishwa. Ni safari ndefu, na mimi simshauri mtu aache kazi ya uhandisi kwa pupa. Anza na kozi ya awali ya bure ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, kwa njia ya mtandao, uone kama inakunogea.

Ukishaajiriwa, usishangae ukipewa alama za biashara: unga, maji ya chupa, sabuni. Ndizo zinazolipa kodi ya ofisi, hataza huja moja moja. Siku zisizo na hataza, tafuta moja iliyokwisha muda wake wa miaka 20, ya kitu unachokijua, pampu kwa mfano. Funika madai, soma maelezo na michoro tu, uandike madai yako mwenyewe. Kisha funua ulinganishe, na uhesabu bolti ulizoziweka wewe ambazo wenzako hawakuzitaja.