Kifafa: kutoanguka si kipimo pekee cha dawa

Ndugu uliyeuliza kama mdogo wako wa kike aache fenobabitoni kwa kuwa haanguki tena lakini amekuwa na kichwa kizito na usahaulifu, jibu langu ni kwamba asiache, ila pia asivumilie kimya kimya.

Mimi nina kifafa tangu nikiwa na miaka 22, na kazi yangu ni ushonaji. Fenobabitoni ni dawa ya tangu 1912, ya bei nafuu, na kwangu ilizuia kuanguka ndani ya miezi michache. Nyumbani walishukuru, maana nilikwisha kuangukia jiko la mkaa na kovu ninalo mpaka leo. Lakini kila asubuhi niliamka na kichwa kizito kama mtu aliyelala juani. Siku moja nilishona mkono wa kulia wa gauni upande wa kushoto, nikafumua, nikarudia kosa lile lile, huku mteja amekaa kwenye benchi akinitazama.

Kliniki niliulizwa swali moja tu: umeanguka mara ngapi? Nikisema sijaanguka, kadi inaandikwa, nachukua vidonge, naondoka. Nami nilinyamaza, nikiona kuilalamikia dawa iliyonisaidia ni kukosa shukrani.

Miaka minne baadaye daktari mwingine aliniuliza naamkaje na nashona nguo ngapi kwa siku. Alinihamishia kwenye kabamazepini taratibu, hii ikipandishwa na ile ikishushwa kwa majuma kadhaa, kwa sababu ukiikatisha fenobabitoni ghafla unaweza kupata kifafa cha mfululizo, mtu anaanguka tena kabla hajazinduka, na hicho huua. Sasa huanguka kama mara moja kwa mwaka, yaani zaidi ya nilipokuwa kwenye fenobabitoni, lakini nashona, nakumbuka vipimo na nacheka na watoto. Ningekuwa dereva ningechagua vingine.

Ambalo sikuambiwa ni la uzazi. Dawa hizi mbili hulifanya ini livunje homoni upesi, hivyo vidonge vya majira na kijiti hupungua nguvu. Mwanangu wa pili nilimpata kijiti kikiwa mkononi. (Simjutii hata kidogo, ila ningependa kupanga mwenyewe.) Kitanzi hakiathiriwi. Na wakitaka kumpa mdogo wako valproeti, aulize kwanza habari za mimba, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni kuliko dawa nyingi za kifafa.

Kabla ya kliniki ijayo, aandike kwa wiki mbili saa anayomeza dawa, anavyoamka, na alichosahau au kukosea siku hiyo. Akisema tu "nachoka" ataambiwa apumzike. Mimi niliandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja, na daktari yule alilisoma hadi ukurasa wa mwisho, gauni lililoharibika likiwemo, kabla hajagusa dozi.