Maswali Yenu: Blogu ya Mapishi, Blogu za Habari na Picha Nzito

Napika, na picha zangu naziweka kwenye makundi ya WhatsApp. Rafiki zangu wananihimiza nifungue blogu. Itanipa nini zaidi? (Msomaji, Tanga)

Unachoweka kwenye kundi leo, kesho kimeshazama chini ya salamu na rambirambi. Cha kwenye blogu kina anwani yake. Mtu asiyekujua kabisa anaweza kuandika kwenye Google "vitumbua vinaganda kwenye chuma" miaka mitatu baadaye na akakufikia. Kwetu sisi huo ndio utamu wa blogu, basi mwandikie huyo aliyekwama jikoni.

Picha ya vitumbua vilivyopangwa sahanini haimsaidii. Mpe vipimo: mchele vikombe 2 uliolowekwa usiku kucha, tui zito kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, na iliki. Mwambie asage mpaka rojo liwe laini, kisha aliache liumuke. Halafu ingia kwenye makosa, na usiyapitie juujuu. Chuma kisiposhika moto kabla ya kutiwa mafuta na rojo, vitumbua vitaganda. Rojo likikaa mno kwenye joto, litachacha. Moto ukiwa mkali, vitaiva nje na ndani vibaki vibichi. Aya hiyo ndiyo itakayomleta msomaji, kwa hiyo hata kichwa kiseme "Kwa nini vitumbua vinaganda", si "Jikoni leo".

Je, blogu isiyo ya habari na siasa inasomwa? (Msomaji, Morogoro)

Inasomwa. Ni kweli blogu za Kiswahili zilipata umaarufu mkubwa kwa habari na picha za matukio. Ya mpigapicha wa Tanzania Issa Michuzi, iliyoanza 2005, inajulikana hadi ughaibuni. Lakini tangu enzi hizo mwandishi Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe, blogu ya fikra na mijadala. Leo nafasi iko wazi kwa fundi cherehani anayeeleza namna ya kukata kola, kwa mkulima anayeandika tarehe za kupanda na dawa alizopuliza, kwa anayetunza matokeo ya ligi ya mchangani ambayo hakuna gazeti linaloyachapa. Chagua jambo unaloweza kuliandikia makala 20 bila kuazima za wengine. Ukishindwa kuorodhesha vichwa 20 kwenye karatasi, mada hiyo bado si yako.

Kwa Tanzania, anayetaka blogu ya habari aulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni na ada, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022, kwa hiyo usitegemee maelezo ya zamani.

Blogu yangu ya Blogger (huduma ya blogu ya Google) inafunguka polepole, na anwani za makala zangu zote zinaishia na "blog-post". Kosa liko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Uzito mara nyingi ni wa picha. Picha ya simu huwa na MB 3 hadi 5. Ukiweka 10 na kuziacha katika ukubwa wake halisi, msomaji anamaliza bando kabla hajafika kwenye maelezo. Zipunguze kabla ya kuzipandisha: upana pikseli 1200, uzito chini ya KB 200.

Anwani hutokana na kichwa. Ukichapisha kabla ya kuandika kichwa, Blogger inaweka "blog-post", na kukiandika baadaye hakubadilishi kitu. Irudishe makala kwenye rasimu, rekebisha anwani, chapisha tena. Kiungo cha zamani kitakufa, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uelekeze anwani ya zamani kwenye mpya.

Ukiwa humo kwenye mipangilio, pakua nakala ya blogu yako. Faili hilo lina maandishi na maoni ya wasomaji, lakini usitegemee kwamba picha zenyewe zimo. Zihifadhi kando, kwenye folda yenye jina la kila makala.