Swali la lugha: Jani la mbuyu ni moja au ni matano?

SWALI: Mwalimu wa biolojia wa hapa Dodoma anaandaa vibao vya miti ya shuleni kwake. Wanafunzi wameandika kwamba mbuyu una "majani matano kwenye kikonyo kimoja" na kwamba mzabibu una "jani la moyo". Anauliza iwapo Kiswahili hicho ni sahihi.

JIBU: Kisarufi sentensi ya kwanza haina kasoro, ila kwa mtaalamu wa mimea inapotosha. Chipukizi huota kwapani mwa jani, yaani pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Penye sehemu zile tano za mbuyu hutaona chipukizi hata kimoja, kwa hiyo zote kwa pamoja ni jani moja. Jani la namna hiyo liitwe jani ambatani, kwa mfano wa nomino ambatani tunayoifahamu katika sarufi, na lile lenye bapa moja liitwe jani sahili. (Wakichunguza mche mchanga wa mbuyu wasishangae, kwa kuwa majani yake ya mwanzo ni sahili.)

Sehemu za jani ambatani zina tatizo la jina. Wapo wanaoziita "vijani", lakini msomaji atakayekuta "kijani cha mkwaju" atafikiria rangi kabla ya kufikiria umbo. Napendelea "kijijani", wingi "vijijani", kwa kanuni ileile iliyotupatia kijitabu na kijiti. Vijijani vya mbuyu hutoka mahali pamoja, mfano wa vidole vya kiganja, na ndiyo maana jina lake la kisayansi ni Adansonia digitata, kwani kwa Kilatini "digitus" ni kidole. Vya mkwaju hupangana pande mbili za uti, na katika mgunga uti huo hugawanyika tena.

Kuhusu "jani la moyo", kihusishi "la" ndicho kinacholeta utata. Tunaposema "jani la mwembe" tunataja mmea wenye jani, kwa hiyo "jani la mkuki" husikika kana kwamba mkuki nao umechipua. Andikeni "jani lenye umbo la mkuki" kwa mwembe na "lenye umbo la moyo" kwa matembele, ingawa ni maneno mengi. Umbo la yai linahitaji uangalifu zaidi: upande mpana ukiwa karibu na kikonyo, hilo ni umbo la yai, ukiwa karibu na ncha, ni la yai lililogeuzwa.

Mzabibu, ambao mkoani kwetu kila mtoto anaujua, hauna jani la umbo la moyo kwa ujumla wake. Kinachofanana na moyo ni kitako tu, pale bapa linapopokea kikonyo. Kwenye kibao ningeandika: "Jani sahili, lililokatwa kuwa mapande matatu hadi matano yasiyoachana kabisa, kitako chenye umbo la moyo, ukingo wenye meno."