Majina Kwanza, Kanuni Baadaye

Assalaam alaykum, Maalim. Nimeajiriwa mwaka huu na nimepangiwa darasa la tano katika skuli moja ya Wilaya ya Wete. Wanafunzi wangu ni 74, wametoka vijiji vitatu, na chumba tunakitumia kwa zamu: sisi asubuhi, darasa jengine mchana. Siku ya kwanza niliandika kanuni 15 ubaoni, wakazinakili madaftarini, nikazisoma kwa sauti. Wiki ya pili ikawa kana kwamba sikuandika kitu. Wanazungumza ninapozungumza, wanagombania madawati, na watoto wa kila kijiji hukaa peke yao hata wakati wa mapumziko. Mwenzangu mmoja ananiambia kwamba bila ya bakora darasa halikai. Je, nimeshachelewa?
*Mwalimu mgeni, Wete*

Waalaykumu salaam, mwalimu. Hujachelewa, na kanuni zako huenda hazina ubaya wowote isipokuwa wingi wao na haraka ya kuja kwao. Mtoto humwachia mwenzake amalize kusema kwa sababu anamjua na anamwonea haya. Asipomjua, anayemchelea ni mwalimu peke yake, na mwalimu akigeuka kuandika ubaoni, hofu nayo imegeuka. Kwa hiyo ningekuomba uziweke kanuni zako kando kwa muda wa wiki mbili, uanze na majina.

Fungua daftari lako la mahudhurio. Bila ya shaka utawakuta akina Fatma wanne au watano, akina Khamis na akina Ali vivyo hivyo, na sisi walimu huwatenganisha kwa jina la baba, na likigongana hilo, kwa jina la babu. Watoto wana njia yao: Fatma mrefu, Fatma wa bondeni, kisha hufuata majina ya kilema, ya weusi na ya nguo iliyotatuka, ambayo mwenyewe huyaitikia huku moyo unamuuma. Jambo la mwanzo, basi, ni kumuuliza kila mtoto angependa aitwe nani ndani ya chumba hiki, na jina hilo ndilo litumike, na wewe uwe wa kwanza kulitumia.

Wanafunzi 74 hawawezi kujitambulisha katika kipindi kimoja. Watachoka, na wa mwisho hatasikilizwa na mtu. Chukua kumi kwa siku, kabla ya kuita majina, na utamaliza ndani ya siku nane. Kata vipande vya boksi, kila mmoja akunje chake kisimame juu ya dawati, upande mmoja aandike jina lake na upande wa pili jambo moja analoliweza: kusuka ukili, kuvua pweza, kukwea mnazi, kucheza mdako bila ya kuangusha. Kisha asijitaje mwenyewe, bali amtaje aliye ubavuni mwake: “Huyu ni Fatma Juma, anajua kusuka ukili, amefunzwa na bibi yake.” Wengi huona haya kujisema, lakini ili amseme mwenzake itambidi kwanza amsikilize, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Wawili hao wawe wa vijiji viwili tofauti. Kumbuka kwamba watoto wa kijiji kimoja wamekaa mkeka mmoja katika chuo cha Kurani tangu wakiwa wadogo, wamesomeshwa juzuu pamoja na wamecheza nage uwanja mmoja. Kwao kukaa pamoja si ukaidi. Wa kuangaliwa zaidi ni yule aliyetoka kijiji kilicholeta watoto wawili au watatu tu, ambaye hana kundi la kukimbilia.

Nikwambie kilichonifunza mimi. Nilipokuwa kijana nilisomesha karibu na pwani, na kanuni yangu ilikuwa kwamba anayekuja baada ya kengele hubaki nje mpaka kipindi kimalizike. Nilikuwa na mvulana ambaye huchelewa siku tatu au nne mfululizo, kisha huwahi wiki nzima, kisha huchelewa tena. Niliona ananifanyia makusudi, nikamwacha barazani akitusikiliza kupitia dirishani, na miguu yake ina tope mpaka magotini, nami tope lile nililiona nisilitafakari. Miezi ilipita. Siku niliyowafanyia zoezi hili la kutajana, jirani yake alisimama akasema, “Huyu anavuka maji.” Kwao ni ng'ambo ya mkono wa bahari. Maji yakijaa asubuhi huvushwa kwa kidau; yakipwa, kidau hukaa juu ya mchanga naye huzunguka kwa miguu kwenye mikoko. Na kwa kuwa kupwa na kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, maji makavu ya asubuhi yalikuwa yakimrudia kila baada ya kiasi cha wiki mbili, kwa hesabu ambayo mtoto yeyote wa mvuvi angeweza kunieleza. Mwenyewe hakuwahi kusema, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Darasa lile lile ndilo lililoitengeneza upya kanuni yangu: anayechelewa abishe hodi, aseme sababu, akae. Hakuna aliyeitumia vibaya mpaka mwaka ulipokwisha, kwani wote walijua nani anatoka wapi.

Majina yakishakaa, waulize swali moja tu: ni kitu gani humu ndani kinakuzuia kusoma? Waache waseme, andika ubaoni kwa maneno yao wenyewe, kisha yageuzeni kuwa kanuni, mzipunguze pamoja mpaka zibaki tano. Zitamke kama jambo la kutendwa, kwa mfano “tunamsikiliza anayesema” badala ya “marufuku kelele”, kwa kuwa mtoto aliyekatazwa tu hajaambiwa bado afanye nini. Kubalianeni papo hapo itakuwaje mtu akivunja, na ijumuishe kurekebisha alichokiharibu: aliyemwaga maji huyafuta, aliyemtania mwenzake jina humwendea na kumwita kwa jina lake. Nawe uwemo. Ukipokea simu kipindi kinaendelea, ujue macho 148 yamekuona.

Kuhusu madawati, naamini nusu ya ugomvi huo hautoki darasani kwako. Darasa la mchana huyasogeza, hufuta ulichokiandika, na fagio huhama. Zungumza na mwalimu wa zamu hiyo, halafu wanafunzi wako wawaandikie wenzao barua fupi: ubao uachwe umefutwa au uandikwe “Usifute”, fagio likae nyuma ya mlango, madawati yarudi mstarini. Waliotia majina yao kwenye barua watakuwa wa kwanza kuitekeleza.

Ama bakora, mwenzako amekupa alichopewa na waliomtangulia, simlaumu. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 28 kwamba nidhamu ya skuli isimamiwe kwa njia inayolinda utu wa mtoto. Mimi nimeishika bakora na nimeiweka chini. Ilininyamazishia watoto, na walionyamaza walikuwa pamoja na yule aliyekuwa na jambo la kuniambia.

Maalim, shikamoo. Tumehama kutoka Pemba kuja mjini Unguja katikati ya mwaka. Binti yangu wa miaka 11 huchekwa na wenziwe kwa anavyosema, naye sasa hafungui mdomo darasani. Niende kwa mwalimu au nitamzidishia?
*Mzazi, Kwamtipura*

Marahaba, mama. Nenda, lakini nenda peke yako, baada ya masomo, mtoto asiwepo. Mwombe mwalimu asimsimamishe mbele ya darasa, kwani anayekuja katikati ya mwaka huona kusimama huko ni kama kushtakiwa. Ampe badala yake mwenza mmoja mpole na kazi ya watu wawili, kama kupeleka madaftari ofisini au kufuta ubao. Rafiki mmoja atamletea wengine.

Kisha mwalimu anaweza kuligeuza lile linalochekwa likawa somo. Baraza la Kiswahili la Zanzibar limechapisha kamusi za lahaja za visiwa hivi, Kipemba kikiwemo, na kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, hakikusema kwamba wasemao vyengine wanakosea. Kila mtoto alete neno moja kutoka kwa bibi yake: wa Makunduchi lake, wa Tumbatu lake, na binti yako lake. Darasa la mjini halikosi wenye bibi shamba.

Nyumbani usimkataze kusema kama mnavyosema. Na akirudi skuli usimuulize kama wamemcheka leo. Muulize amekaa na nani wakati wa mapumziko, na jina la mtu huyo ulishike.